Uliaga Wapi?

Katika kila kundi la waendesha baiskeli ninalolijua yupo mtu mwenye jibu moja kwa maswali yote. Ukimuuliza atafanya nini akianguka peke yake porini, anapapasa mfuko wa kaptula na kusema, "Nina simu, ina GPS." Mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba ameonyesha hirizi. Kwa miaka kadhaa mtu huyo nilikuwa mimi.

Uongo wa imani hii unaanzia angani. Wengi wanadhani setilaiti za GPS zinatuona. Hazituoni. Ziko takriban kilomita 20,000 juu yetu, na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo zenyewe. Simu yako inasikiliza nne au zaidi, inapiga hesabu, inajua ilipo. Ni sawa na kupotea vichochoroni alfajiri ukasikia adhana: ukiitambua sauti ya msikiti wa kulia na ya msikiti wa kushoto, utajua umesimama mtaa gani. Muadhini, yeye, hajui hata kama umeamka. Ile nukta ya buluu kwenye ramani ni siri kati yako na simu yako. Ili mtu wa tatu aijue, simu ya kawaida lazima ipate mtandao, na mtandao ndio usiokuwepo huko unakotaka kwenda.

"Basi wataanzia mnara wa mwisho." Haya, na waanzie. Mnara wa GSM unaweza kufikia hadi kilomita 35. Zungusha duara la kipimo hicho, utapata eneo linalokizidi kisiwa cha Unguja zaidi ya mara mbili. Waanzie kichaka gani? Wengine hujivunia kurusha mahali walipo kwa WhatsApp. Huduma hiyo ina kikomo cha saa 8, na mtandao ukikatika inabaki na habari za zamani. Mkeo anatazama simu saa tisa alasiri, anakuona bado uko Itigi, anajisemea umekaa unakunywa supu.

Itigi sikuitaja kwa bahati. Kutoka hapo kwenda Makongolosi ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Rungwa: miombo, vijiji vya kuhesabu, na ndorobo wanaouma juu ya shati. Asubuhi niliyoianza njia hiyo, mwenye duka aliyeniuzia maji aliniuliza, "Unaelekea wapi?" Nikamjibu, "Hapo mbele tu." Sikuwa na sababu ya kumficha. Ni mazoea yetu, safari haitangazwi, macho ya watu yana sumu. Usiku uliotangulia, kwenye gesti, kitabu cha wageni nilikijaza kama tunavyokijaza wote: unatoka Dar, unakwenda Dar.

Alasiri gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga. Kiwiko cha kushoto kikateguka, rimu ikapinda hata ikagoma kuzunguka. Simu ilikuwa na chaji asilimia 61. Ramani ilionyesha karibu hata shina la mti nililoegemea. Mtandao hamna. Nilijua nilipo kuliko nilivyowahi kujua maishani, na hapakuwa na mwingine hata mmoja duniani aliyejua.

Aliyenikuta, jua limeshainama, alikuwa mzee mrina asali, madumu mawili yamefungwa nyuma ya baiskeli yake ya Phoenix. Sikumsikia akiuliza nimeumia wapi. Aliuliza, "Mjukuu wangu, uliaga wapi?" Nikababaika. Baadaye, nimelazwa kwenye mkeka kwake, alinieleza utaratibu wake. Kila anapoingia msituni anamwambia mkewe anaingilia njia ipi na atatoka siku ya ngapi. Siku hiyo ikipita hajaonekana, mdogo wake anafuata njia hiyohiyo. Simu yake ilikuwa ya tochi. Kati yetu wawili, aliyekuwa anapatikana ni yeye.

Kuaga tumekushusha hadhi. Tumekufanya adabu ya mlangoni, kitu cha kumridhisha mama, na tangu simu zije tunaona hata hiyo ni usumbufu, kwani si tutapiga tukifika? Lakini mrina asali haagi kwa adabu. Anaacha nyuma njia, siku, na mtu mwenye kazi ya kufanya siku hiyo ikipita. Hilo la mwisho ndilo tunalolikosa hata sisi tunaojidai tumeaga. "Nitakucheki nikipata mtandao" haimpi mtu saa ya kuanza kuhangaika. Atasubiri leo, atasubiri kesho, ataona aibu kusumbua watu.

Mmarekani Aron Ralston alilijua hili kwa gharama ya mkono. Aprili 2003, huko Utah, alifunga baiskeli yake kwenye mti akaingia kwa miguu katika korongo jembamba la Bluejohn. Jiwe la kilo zaidi ya 300 likambana mkono wa kulia. Hakuwa amemwambia yeyote anakokwenda. Baada ya saa 127 alijikata mkono kwa kisu kidogo, akatoka. Dunia inaisimulia kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Ila kengele ya kumtafuta ililia alipokosekana kazini, siku kadhaa zikiwa zimeshapita. Helikopta ilipomwona, tayari alikuwa amejitoa mwenyewe na anatembea.

Kuna vifaa vya kweli vya dharura, navyo si simu. Vile vya masafa ya 406 MHz huita kupitia Cospas-Sarsat, mfumo ulioanzishwa 1979 na Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, Vita Baridi ikiendelea, na ukaokoa watu wa kwanza mwaka 1982. Mwenye uwezo na anunue. Lakini kifaa hicho husajiliwa pamoja na majina ya ndugu, na kituo cha uokoaji kikipokea mlio huwapigia hao: ni kweli amesafiri? Kapita njia gani? Yuko na nani? Kama jibu ni "alisema hapo mbele tu," umelipa pesa nyingi kurudi pale pale.

Hoja pekee inayonisimamisha ni ya usalama: ukisema utakapolala, unamwambia na mwizi. Wanawake wanaosafiri peke yao wana haki zaidi ya kuisema. Ndiyo maana kuaga si kutangaza. Picha za njiani ziweke mtandaoni ukishafika. Kitabu cha gesti kijaze ukweli, maana ndicho polisi watakachofungua kwanza. Na mchague mtu mmoja wa kumwachia njia na saa, asiye mpole. Mpole atakupa muda.

Mimi nimemchagua shangazi yangu wa Dodoma. Safari iliyopita nilimwambia nitafika Manyoni na kupiga simu kabla ya saa mbili usiku, na nisipopiga ampigie mtendaji, namba nilimwachia. Nilifika mapema, nikaagiza chipsi mayai, simu ikabaki kwenye begi. Saa mbili na robo akasimama mgambo mbele ya meza yangu, akaitazama baiskeli nje, akanitazama na mimi.

"Wewe ndiye wa baiskeli nyekundu? Shangazi yako anasema upige simu sasa hivi, halafu ndiyo ule."