Tumkumbuke Mwenda Jean Bosco kwa maneno yake, si kwa vidole tu

Mwenda Jean Bosco alifariki mwezi wa Septemba 1990 katika ajali ya gari. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatukuwa tumezaliwa. Hata hivyo, ukitaja jina lake mbele ya wazee wa Lubumbashi au Likasi, mazungumzo hayakawii kufika kwenye deni. Mmoja atasema mji ungemjengea sanamu. Mwingine atasema barabara ingepewa jina lake. Wa tatu atatugeukia sisi vijana na kutuuliza kama tunajua hata wimbo wake mmoja.

Sina ugomvi na sanamu wala na barabara. Lakini hizo ni kazi za serikali na za mji. Nadhani kitivo cha lugha kina kumbukumbu yake ya kujenga, ambayo wengine hawatatujengea: kuandika maneno ya nyimbo za Bosco, moja baada ya nyingine, kuyaeleza, na kufanya hivyo pamoja na wazee ambao bado wanakisikia vizuri Kiswahili cha miaka ile. Na nadhani tunatakiwa kuanza sasa, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwanza nimkumbushe msomaji tunazungumza juu ya nani. Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji uliokuwa makao ya Msiri. Mababu wa Bayeke walitoka Unyamwezi, upande wa Tabora, katika karne ya 19, wakifuata shaba na pembe za ndovu. Jina la Mwenda si jina dogo kule: Msiri mwenyewe aliitwa hivyo. Mwaka 1952 kijana huyo wa Bunkeya alikuwa Jadotville, mji tunaouita Likasi tangu 1966. Huko akakutana na Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka kusini na katikati ya Afrika na mashine ya kurekodi. Tracey alimrekodi akipiga gitaa na kuimba peke yake. Bosco alikuwa na miaka 22 hivi, yaani alikuwa mdogo kuliko mimi ninayeandika haya.

Wimbo wake uitwao «Masanga» ukapata tuzo ya Osborn, na santuri zake zikavuka mipaka. Baadaye aliishi Nairobi kwa muda, akapiga redioni, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakamwiga. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, jina la Jean Bosco lilibaki midomoni mwa watu, lakini rekodi zake za mwisho zinamwita Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kifo chake, alirekodi albamu Cape Town. Pamoja na Édouard Masengo na Losta Abelo, yeye ndiye aliyeifanya Katanga ijulikane kwa gitaa. Magazeti ya Kiswahili yana neno zuri kwa mtu kama huyo: mwanamuziki mkongwe.

Sasa tuangalie dunia ilichukua nini kwake. Ilichukua vidole. Bosco alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na kutoka kwenye vidole hivyo viwili ilitoka sauti ya watu wawili wanaopiga pamoja. Jambo hilo liliwashangaza wataalamu. Mwaka 1961 na 1962, David Rycroft alichapa katika jarida la African Music uchambuzi mrefu juu ya jinsi Bosco anavyobuni akiwa anapiga, noti kwa noti. Mwaka 1979 kijana mmoja Mwingereza, John Low, alifunga safari mpaka Lubumbashi ili ajifunze kwa Bosco, Masengo na Abelo, akaandika kitabu kiitwacho Shaba Diary. Leo mtu wa Tokyo au wa Chicago anayetaka kupiga «Masanga» atapata namna ya kujifunza, kidole kwa kidole.

Hiyo ni heshima kubwa na tuwashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini Bosco hakuwa mpiga gitaa tu. Alikuwa akiimba, na alikuwa akiimba kwa Kiswahili cha hapa. Mpiga gitaa wa Chicago anaweza kuziiga sauti za maneno yale bila kuelewa neno hata moja, na wimbo wake ukapendeza. Sisi hatuwezi kuridhika na hilo. Maneno yale ni ya lugha ambayo tunaisema nyumbani na ambayo tumejiandikisha kuisoma.

Na Kiswahili hicho kina historia yake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, alionyesha kwamba Kiswahili cha Katanga hakikuja tu na misafara ya wafanyabiashara kutoka mashariki. Kilikuzwa katika kambi za wafanyakazi, wakati Wabelgiji walipotaka kuiondoa Katanga mikononi mwa Waingereza wa Rhodesia, na wakati watu wa Kasai, wa Rwanda na wa Burundi walipoletwa kuchimba shaba pamoja na Waluba, Wabemba, Walunda na Wasanga. Lugha ya watu hao wote ndiyo iliyotulea. Tunasema «batu», si «watu». Tunasema «tutoto» tukitaja watoto wadogo. Tunasema «niko naenda». Shule tunaiita «masomo». Na kwetu «kutumika» ni kufanya kazi. Mtu wa Dar es Salaam akisikia «baba anatumika ku kambi» atauliza ni nani anayemtumia.

Edgard Polomé aliieleza lugha hii mwaka 1968. Kabla yake, mwaka 1965, André Yav aliiandika katika Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, kitabu cha waliokuwa watumishi wa nyumba za wazungu, ambacho Fabian alikitoa upya mwaka 1990. Kila mwanafunzi wa isimu hapa anatakiwa kuyajua maandishi hayo mawili. Sasa fikiria: sauti ya Bosco iliyowekwa kwenye santuri mwaka 1952 imetangulia kitabu cha Yav kwa miaka 13. Na ni sauti, si maandishi. Katika maandishi hatujui mtu alitamka «l» au «r», wala alikata neno wapi. Katika santuri tunasikia. Mwanaisimu wa lugha nyingi za Afrika angefurahi sana kuwa na ushahidi kama huo wa jinsi watu wa mji wake walivyosema miaka zaidi ya sabini iliyopita.

Lakini kusikia peke yake hakutoshi, na hapa ndipo penye haraka. Mwaka jana niliwasikilizisha wazee wawili wa kartie yetu nyimbo tatu za Bosco kwenye simu yangu. Mmoja alikulia katika kambi ya Union Minière. Mwingine alikuja mjini akiwa kijana, kutoka upande wa Kasenga. Kwenye neno moja walibishana karibu nusu saa. Mzee wa kambi alilisikia kama neno la Kisanga. Mzee wa Kasenga alisema ni Kibemba, na kwamba kwao lina maana nyingine kabisa. Sikuweza kuamua nani ana haki. Labda wote wawili wanayo, kwa sababu wasikilizaji wa 1952 nao walikuwa watu wa Kisanga na watu wa Kibemba, waliokaa mlango kwa mlango. Ubishi ule ulinifundisha juu ya mchanganyiko wa lugha zaidi ya kurasa nyingi nilizosoma. Na usingewezekana bila wazee hao wawili kukaa kwenye benchi moja.

Mtu aliyekuwa na miaka kumi Bosco aliporekodiwa sasa amepita themanini. Hesabu hiyo kila mmoja wetu anaweza kuifanya akifikiria nyumba ya kwao. Santuri itadumu, nakala zipo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo leo iko kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Lakini sikio la mtu aliyekuwa akisema lugha ile barabarani halina nakala. Siku wazee wale watakapokwisha, tutabaki na sauti safi ambayo sehemu zake hatuzielewi, na hapatakuwa na mtu wa kumwuliza.

Chukua jina la «Masanga» peke yake. Mtu wa Kinshasa akilisikia atafikiria pombe mara moja, kwa sababu hiyo ndiyo maana yake kwa Kilingala. Je, mtu wa Jadotville mwaka 1952 alifikiria pombe? Au alisikia neno la Kisanga au la Kiluba? Au jina la mtu? Hilo si swali la mpiga gitaa. Ni swali la isimu, na linajibiwa kwa kuwakusanya wasemaji na kulinganisha majibu yao.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba lugha ya wimbo si lugha ya mazungumzo: mwimbaji hukata neno ili lilingane na sauti ya gitaa, hurudia, huongeza silabi. Ni kweli. Ndiyo maana nasema kazi ifanywe na watu wa isimu, ambao wamefundishwa kutenganisha kile kinacholetwa na mahadhi na kile kilichomo ndani ya lugha. Na Yav naye hakuandika kama alivyosema sokoni. Hakuna ushahidi wa lugha usio na kasoro. Kuna ushahidi ambao mtafiti anajua kasoro zake.

Ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu wengi huifikiria bila kuisema: kwamba hicho ni Kiswahili kibovu, na kwamba mwanafunzi wa lugha angetumia muda wake vizuri zaidi kwa kujifunza Kiswahili sanifu. Ninakipenda Kiswahili sanifu, na ninaandika makala hii kwa kukijaribu. Lakini kusanifisha lugha ni kazi moja, na kuieleza lugha kama inavyosemwa ni kazi nyingine. Daktari hakatai kumpima mgonjwa kwa sababu si mrefu. Tena, Bosco aliimba kwa Kiswahili chetu akasikilizwa Nairobi, karibu zaidi na pwani ambako wanasema lugha ndiko ilikotoka, na hakuna aliyemfunga mdomo. Wao walimpenda na ngeli zake za Katanga. Itakuwa ajabu sisi tukizionea haya.

Ya tatu ni haki. Nyimbo zina wenyewe, na watu wa Katanga wamechoka kuona vitu vyao vikichukuliwa. Nakubaliana kabisa. Kwa hiyo kazi hii ianze kwa kuomba ruhusa ya familia, na kila kitakachoandikwa wapewe nakala kabla ya mtu mwingine yeyote. Tusichape maneno ya nyimbo bila idhini yao. Maelezo ya sarufi na ya msamiati, pamoja na sauti za wazee waliokubali kurekodiwa, yanaweza kuwekwa katika maktaba ya kitivo kwa ajili ya watakaotufuata.

Pendekezo langu kwa walimu na wanafunzi wenzangu ni dogo, ili lisife kwa ukubwa wake. Kila mwanafunzi wa lugha za Kiafrika achukue wimbo mmoja. Aandike kile anachosikia, sauti kwa sauti. Chini yake aandike mgawanyo wa mofimu, na chini yake tena maana kwa Kiswahili sanifu na kwa Kifaransa. Kisha aketi na wazee wawili wa lugha tofauti, asiwe na haraka, na aandike wanapokubaliana na wanapobishana. Vifaa ni simu, daftari na nauli ya basi. Walimu wakikubali kuihesabu kama kazi ya mwaka, darasa moja litamaliza nyimbo nyingi, na mtu atakayetaka kuandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya Kiswahili cha miaka ya 1950 atakuta ghala limeanza kujaa. Baada ya Bosco tumchukue Masengo, halafu Abelo.

Kwenye kilio, kwetu, husimama mtu akaeleza marehemu alikuwa nani, alitoka wapi, alisema nini. Juu ya Bosco tumesikia sana alitoka wapi na alipiga vipi. Alisema nini bado hatujakaa tukaeleza vya kutosha, na waliomsikia kwa masikio yao wanapungua. Mimi nimechagua nyimbo zangu tatu na wazee wangu wawili wamekubali kuendelea. Wenzangu watakaotaka kuchukua nyingine wanaweza kuanza juma hili, kwa kuwauliza wazee wa nyumbani kwao kama wanamkumbuka Mwenda.