MAMA YUKO MUSCAT, BABA YUKO KIJIWENI, MTOTO YUKO NA NANI?

Na Mwandishi wa Kujitegemea

PALE kijiweni kwetu Tandika kuna jamaa tunamtania kuwa ni sultani. Kasri hana, shamba la karafuu hana. Mkewe ni hausigeli Muscat, na kila mwisho wa mwezi mshiko unaingia kwenye simu. Jamaa anaagiza kahawa ya kijiwe kizima.

Juzi mke alipiga simu, sultani akamwita mwanawe wa miaka sita aje kumsalimia mama yake. Mtoto akagoma. "Huyo siyo mama," akasema, "mama yangu ni bibi." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka, ndugu msomaji, maana nilijiona mwenyewe.

Mama yangu mzazi aliondoka mwaka 2008 nikiwa darasa la pili. Akarudi mwaka 2014 nikiwa kidato cha kwanza. Mikataba mitatu ya miaka miwili miwili. Siku ya kumpokea uwanja wa ndege, bibi alinisukuma mgongoni nikamkumbatie. Nikampa mkono, nikamwambia shikamoo, kama mtu anavyomwamkia mgeni wa jirani. Mpaka leo naliona jicho lake siku ile.

Simlaumu. Bati za nyumba ya bibi na ada yangu, kabla ada ya sekondari haijafutwa mwaka 2016, vilitoka kwenye mgongo wake. Wanaowatukana kina mama hawa kuwa wamekimbia watoto waulizwe kwanza: wao walimpa nani kazi?

Tena kuondoka huku hakukuanza jana. Enzi za mkoloni wanaume wa Kigoma na kwingineko walisombwa kwenda kukata mkonge Tanga. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alihesabiwa kwa namba. Wapo waliolowea huko, wakaacha watoto wanaoambiwa kila siku kuwa baba yuko njiani. Tofauti ni kwamba zamani aliondoka baba, mama akabaki na jiko na watoto. Leo anayetakiwa sokoni ni mama, kwa sababu nyumba za Ghuba zinatafuta mtu wa kupika, kufua na kulea. Mama akishaondoka, baba hashiki nafasi yake. Anayeishika ni bibi, mwenye magoti mabovu na macho yasiyosoma daftari la mtoto.

Na huko anakokwenda si kama kwenda Morogoro ukarudi Jumapili. Kuna utaratibu unaitwa kafala. Mwajiri ndiye mdhamini wa viza, na si rahisi mfanyakazi kumwacha akatafuta kazi nyingine. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi saa nyingi bila siku ya kupumzika. Sasa mtu asiye na pasipoti mkononi, mwanawe akiugua malaria Tandika, atapanda ndege ipi?

Kinachouma zaidi ni hiki. Mama yangu aliniambia kwamba huko alilea mtoto wa tajiri tangu ana miezi mitatu. Alimwogesha, akambembeleza, akamfundisha kutembea. Wakati huo mimi nilikuwa nahesabiwa dakika kumi za simu, na katika dakika hizo nilikuwa namtajia viatu ninavyotaka. Mtoto akizoea kumjua mama kwa sauti na begi la zawadi, siku sauti ikikatika anauliza begi.

Wakubwa wetu wako wapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatamka kuwa mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Maneno mazuri hayo. Lakini mama anapogongewa muhuri uwanja wa ndege, nani anamuuliza ameacha watoto wangapi, na kwa nani? Fedha za kigeni zinapoingia tunashangilia. Watoto wanaozilipia hawamo kwenye hesabu.

Hatutaki marufuku. Marufuku itawapitisha kina mama njia za panya na kuwanenepesha madalali. Tunataka mkataba utaje likizo ya kurudi nyumbani na haki ya simu, pasipoti ibaki kwa mwenyewe, na ubalozi upokee simu ya mfanyakazi anapolia. Na kabla mama hajaondoka, afisa ustawi wa jamii wa eneo lake aandike jina la mlezi, kisha apite kuwaona hao watoto.

Sasa tuje kwetu, vijana wenzangu. Fedha ile si mshahara wako. Ni jasho la mtu aliyelala saa nne ili mwanao ale. Kama mkeo yuko huko, jifunze kukoroga uji. Nenda kwenye kikao cha wazazi shuleni, usimtume bibi. Msimulie mtoto habari za mama yake kila jioni, ili siku akirudi asipokewe kwa shikamoo ya mgeni.

Bibi yangu alifariki mwaka 2019. Leo naishi na mama nyumba moja. Tunaheshimiana sana, hatujawahi kugombana. Lakini nikiumwa usiku bado naita, "Bibi!" Mama anasikia kutoka chumba cha pili. Anakuja na maji, anakaa kitandani, wala hasemi kitu.

Wakubwa, mpo? Na wewe sultani wa kijiweni, upo?