Tusiwacheke Watoto wa Ziwa



Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, mambo yalitokea bwenini ambayo hayakutupendeza hata kidogo. Mwenzetu mmoja alifika kutoka Ubwari kwa boti, na mzigo wake ulikuwa unanuka ndagala. Wengine wakaanza kumcheka: ati mtoto wa mvuvi anatafuta nini kwenye masomo? Yeye akanyamaza. Kwa siku tatu alikula peke yake. Sisi viongozi wa wanafunzi tuliwapa waliomcheka adhabu ya kufagia kiwanja, nao walifagia. Lakini tunaona kwamba fagio haliwezi kuondoa ujinga. Wale walimcheka kwa sababu hawajui watu wa ziwa walifanya nini.

Mwezi wa Aprili 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapa Uvira. Walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakitafuta chanzo cha mto Nili. Walitaka kujua jambo moja tu: mto Rusizi unatoka ziwani, au unaingia? Watoto watatu wa chifu wa Uvira waliwajibu wazi kwamba unaingia. Wapiga kasia hawakukubali kuwapeleka mbele zaidi, basi wageni wakarudi bila kuuona mdomo wa mto. Baadaye Burton aliliacha jibu lile, na mwaka 1864 akaandika kwamba labda ziwa linamwaga maji yake upande wa kaskazini. Ilibidi kungoja Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokuja kwa mtumbwi na kuona kwa macho yao kwamba Rusizi inaingia. Miaka 13 ilipita kwa kutafuta jambo ambalo kila mvuvi wa Uvira alilijua!

Hatusemi kwamba kila kitu kilichopita juu ya maji haya kilikuwa kizuri. Mitumbwi ileile iliyobeba chumvi, samaki na mafuta ya mawese ilibeba pia pembe za ndovu na watu waliofungwa, kuwapeleka Ujiji na mbele mpaka pwani. Wazee wengi bado wanalijua jina la Rumaliza, yule Muhammad bin Khalfan, ambaye watu wake walisumbua pande hizi za kaskazini. Hata Kiswahili tunachosema kilifika kwetu na safari zile za biashara. Hiyo nayo ni historia yetu, na tusiifiche.

Halafu kuna vita. Wengi wetu tunajua kwamba mwezi wa Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Tunajua pia kwamba Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town mpaka ziwani, na kwamba Hedwig ilizamishwa tarehe 9 Februari 1916. Lakini boti zile zilipitaje juu ya milima ya Katanga? Je, zilikuwa na miguu? Zilivutwa na mashine na ng'ombe, juu ya njia na madaraja ya miti yaliyojengwa kwa mikono ya Wakongomani. Majina ya makapiteni yameandikwa vitabuni. Majina ya wale waliokata miti, nani anayajua?

Mjerumani mwenyewe aliizamisha meli yake kubwa, Graf von Götzen, mwezi wa Julai 1916. Ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 meli hiyohiyo iliwabeba wakimbizi wa kwetu, maelfu na maelfu, kuwarudisha kutoka Kigoma. Katika jamaa zetu wapo waliorudi hivyo. Tumewahi kuwauliza?

Mwingine atasema: haya yote ni ya zamani, mtihani wa Serikali hauyaulizi. Sawa. Lakini ziwa lenyewe linauliza. Mwaka 1964 maji yalipanda sana. Yaliposhuka, watu walisahau, wakajenga karibu na maji. Miaka hii ya 2020 yamepanda tena, na mwaka 2024 yaliingia ndani ya nyumba nyingi za Uvira. Mzee aliyeona ya 1964 angeweza kuonyesha kwa fimbo yake maji yalifika wapi. Wazee wale wanaisha mmoja mmoja, na wanakwenda na vipimo vyao.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Wakati wa likizo kubwa, kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja wa ziwa, mvuvi au baharia, na kumwuliza mambo matatu: ulisafiri na chombo gani, ulibeba nini, na maji yalifika wapi? Aandike jibu katika daftari na kulileta. Tunamwomba mwalimu wa historia atusaidie kuyapanga, na gazeti letu litupe ukurasa mmoja kila mara. Karatasi na wino si vingi, tunajua, lakini ukurasa mmoja utapatikana.

Na ule mchezo wa kuwacheka watoto wa wavuvi ukome. Bwana Yesu alipotafuta wanafunzi wake alianzia kandokando ya ziwa.

Juzi jioni tulikaa na yule mwenzetu wa Ubwari nje ya bweni. Alituonyesha kwa kidole wingu moja juu ya milima ya Burundi, akasema babu yake alimkataza kuingia majini akiliona. Sisi wa mwaka wa sita, tuliosoma jiografia miaka yote hii, tuliangaliana tu. Usiku ule dhoruba ilipiga mpaka asubuhi.