Mawe Yasibaki Barabarani

Ndugu zangu tunaosafiri barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma,

Tairi likipasuka tunasema ni bahati mbaya, tunazika, tunaendelea na safari. Mara nyingi bahati haihusiki. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi zake za ndani. Ongeza mzigo uliozidi, mwendo wa kasi na jua la Ruaha Mbuyuni: tairi lililotoka Dar likiwa limechoka linamalizikia huko, kabla hata ya kuuona mlima Kitonga. Kulizuia lisipasuke kunaanzia stendi, wala si kazi ya dereva peke yake.

Naomba, kabla ya kupanda, tulizunguke basi. Katikati ya kashata za tairi mna vinundu vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Kashata ikilingana navyo, tairi hilo limekwisha. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, pana tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, kwa hiyo wanaonunua matairi ya mtumba wazisome tarakimu hizo kabla ya kutoa hela. Ukiona uvimbe au nyuzi zimechomoza, mwambie konda, kisha mwite abiria mwenzako naye aone. Abiria mmoja ataambiwa ana maneno mengi. Ishirini wakikataa kupanda, tairi litabadilishwa.

Tukishapanda, tuache kumpigia dereva kelele akanyage mafuta. Sheria inayapa mabasi kilomita 80 kwa saa, na tairi likipasuka kwenye mwendo huo dereva bado ana nafasi ya kulishika gari.

Nanyi madereva: likipasuka, mguu utakimbilia breki wenyewe. Uzuieni. La mbele likipasuka usukani huvutwa upande huohuo. La nyuma, mkia wa gari huyumba. Breki ya ghafla huyazidisha yote mawili. Shika usukani kwa mikono miwili, liweke gari kwenye njia yake, toa mguu kwenye mafuta taratibu, liache lipoteze mwendo, ndipo ulitoe kushoto, nje ya lami. Ringi ikiharibika, iharibike. Abiria washuke wasimame mbali na barabara, si nyuma ya gari wakimtazama fundi. Nati zilegezwe kabla ya kupiga jeki, na zikazwe tena baada ya mwendo kidogo. Upepo upimwe stendi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa yamepoa, na matairi yakaguliwe tena Morogoro, kwa sababu mbele yake kuna kilomita 50 hivi za Hifadhi ya Mikumi, na humo hakuna anayetaka kubadilisha tairi kati ya tembo na simba.

Linaloniuma kuliko yote ni mawe. Gari likiharibika tunakata matawi, tunapanga mawe nyuma ya magurudumu, na tairi likishafungwa tunaondoka. Mawe yanabaki palepale kwenye lami. Usiku anakuja kijana wa bodaboda amepakia mtu, taa yake hafifu, anayavaa. Aliyeyaacha amekwishafika Makambako na hatajua kamwe alichokifanya.

Wenye magari, wekeni pembetatu mbili za kuakisi mwanga, jeki inayofanya kazi na spea yenye upepo. Tusisubiri Wiki ya Nenda kwa Usalama tukaguliwe. Serikali za vijiji vya kando ya barabara, wekeni jambo hili kwenye mikutano yenu, na vijana wa vijiwe vya bodaboda waondoe mawe wanayoyakuta pale wanapoweza kufanya hivyo kwa usalama. Nasi abiria tushuke tusaidiane: utingo asipande kabla jiwe la mwisho halijatolewa kwenye lami.