Kuacha maneno katika Kingereza: nani iko na ruhusa?



Siku hizi kuna mabishano kwenye masomo yetu juu ya Kingereza. Wamoja wanasema: Waingereza wenyewe wanakata maneno, basi na sisi tukate. Kisha wanacheka wadogo wanaosema sentensi nzima, wanawaita "watu wa kitabu". Wadogo wanasikia haya, wananyamaza, na mwalimu akiuliza hakuna anayeinua mkono. Sisi wakubwa wa wanafunzi tunaona ya kama jambo hili haliko la mchezo.

Ni kweli, Waingereza wanaacha maneno. "See you tomorrow" ni "I will see you tomorrow". "Sorry" ni "I am sorry". "Any questions?" ni "Are there any questions?" Hata "Goodbye" ilitoka katika maneno ya zamani, "God be with ye", yaani Mungu awe pamoja nanyi. Wala si ajabu. Sisi wenyewe tukiachana jioni tunasema "Kesho!" tu, na kila mtu anajua ni "Tutaonana kesho".

Lakini tuangalie vizuri. Neno linaachwa pale ambapo msikilizaji anaweza kulirudisha mwenyewe bila kukosea. Pasipo hivyo, haliachwi.

Tutoe mifano. "The book that I bought": unaweza kusema "The book I bought", maana inabaki ile ile. Lakini ukisema "The book that fell is mine", usiguse "that". Ukiiondoa, msikilizaji anasikia "The book fell", anafikiri maneno yameisha, halafu "is mine" inamchanganya.

Tena, "I have a few friends": niko na rafiki kadhaa, ninashukuru. "I have few friends": rafiki zangu ni wachache, ninalalamika. Herufi moja tu imetoka, na furaha imegeuka huzuni! Vilevile, mwanafunzi "goes to school", anaenda kusoma. Mzazi anayekuja kuonana na prefe "goes to the school".

Wengine wanakata wakidhani wanafuata Mwingereza, kumbe wanafuata Kifaransa. Wanasema "Listen me", sababu ya "Ecoutez-moi", na "He is teacher", sababu ya "Il est professeur". Ile ni Kifaransa iliyovaa koti ya Kingereza. Wengine wanafuata Kiswahili. Sisi tukisema "Inanyesha" inatosha, kwani ile "i" ya mbele inashika nafasi ya mvua. "Is raining" haina kitu cha mbele; tuseme "It is raining".

Mtu atajibu: "Lakini rafiki zangu wananisikia!" Ndiyo, katika uwanja wanakusikia, kwani wanaona uso wako na mikono yako. Siku ya Examen d'Etat, karatasi haioni uso wa mtu. Na mara nyingi tofauti ya jibu zuri na jibu baya ni neno moja dogo.

Kwa hiyo wazo letu ni hili: anayejua kurudisha neno, yeye ndiye ana ruhusa ya kuliacha. Mwenzako akikata, umwulize: "Umeacha neno gani?" Akijibu, mumpigie makofi. Asipojibu, aseme sentensi nzima kama wadogo, wala haiko haya. Na wale wanaocheka wadogo waache. Mtoto anatambaa kwanza, ndipo anakimbia. Na leo mwenye kusema sentensi nzima ndiye kesho atakayejua pa kukata.

Ni hayo tu. Mwenye wazo lingine aandike, tutalisoma katika nambari ijayo.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita