Kwenda Kisiwani kwa Fedha Kidogo



Juma hili nataka tuzungumze juu ya safari. Najua wako watakaosema, "Karani huyu ana nini? Sisi twahangaika na bei ya pamba, yeye atuletea habari za matembezi!" Ngojeni kidogo. Neno lenyewe lahusu fedha hiyo hiyo ya pamba, tena lahusu na uhai wetu.

Ukikaa pale Lamadi, penye njia panda ya kuja Bariadi, utawaona vijana wa Ulaya na Marekani wakishuka garini, kila mmoja na begi kubwa mgongoni kama konokono na nyumba yake. Msidhani wote ni matajiri. Wengi ni wanafunzi, au watu wa kazi ndogo waliojinyima muda mrefu ili waione dunia. Wenzao huvuka bahari hadi visiwa vya Karibi, kama Jamaika na Kuba, wakatembea huko kwa mtindo huo huo: hulala vyumba vya bei ndogo, hula chakula cha sokoni, na hupanda magari wanayopanda wenyeji.

Je, sisi? Sisi husafiri kwa msiba, kwa harusi na kwa hospitali. Safari ya kwenda kuona tu na kujifunza twaihesabu kuwa mambo ya Wazungu. Lakini wazee wetu wa Kisukuma hawakuwa hivyo. Walikwenda kwa miguu hadi ziwa Eyasi kuchukua chumvi, wakibeba chakula chao wenyewe, wakarudi na mzigo na habari za nchi za watu. Hawakungoja kuwa matajiri kwanza. Walijua kupanga.

Basi, leo nawapeni safari ya kisiwani, isiyohitaji ndege wala pasipoti. Nasema juu ya Ukerewe. Njia yake naijua tangu nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, wakati mfuko wangu ulikuwa mwembamba kuliko wa mtu ye yote asomaye gazeti hili.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa Viktoria. Pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka, wilaya nzima ina visiwa 38, na makao yake makuu ni mji wa Nansio. Zamani ilikuwa nchi kamili yenye mfalme wake, aliyeitwa Omukama. Wafanya biashara Waarabu waliliita ziwa lote kwa jina la Ukerewe kabla Mwingereza Speke hajaliita Viktoria mwaka 1858. Hata Stanley, alipotaka kuwavusha watu wake kwenda Uganda mwaka 1875, alikwenda kuomba mitumbwi kwa Lukonge, mfalme wa Ukerewe.

Njia ni hii. Kutoka Bariadi mwashika barabara ya lami hadi Lamadi, kilometa zipatazo 70. Hapo mwaingia barabara kuu ya Mwanza na Musoma, mkielekea Bunda. Njiani mwapita ukingoni mwa Serengeti, karibu na lango la Ndabaka. Fungueni macho, huenda mkaona wanyama bila kulipa kiingilio. Kutoka Bunda mwashika njia ya magharibi kupitia Kibara hadi Kisorya, ambapo nchi kavu yaishia majini. Hapo hupandwa kivuko hadi Rugezi, nanyi mmekwisha fika Ukerewe. Toka Rugezi hadi Nansio ni mwendo mfupi wa gari. Iko pia njia ya meli kutoka Mwanza mjini hadi Nansio, lakini kwa sisi wa Bariadi yafaa zaidi kupita Bunda, maana kwenda Mwanza ni kuzunguka.

Sasa tuje kwenye fedha. Wengi hukosea hapa, maana huhesabu nauli ya kwenda tu, kisha husema, "Ya kurudi Mungu atajua." Mungu ajua, lakini alikupa na akili. Mimi nashauri fedha yote ifungwe mafungu matatu kabla mtu hajatoka nyumbani.

Tuseme kijana ameweka akiba ya shilingi 120,000. Hesabu hii ni mfano tu, kwa kuwa nauli hupanda na kushuka. Ulizeni kwanza stendi. Fungu la kwanza, 60,000, ni nauli ya kwenda na kurudi, na ile ya kurudi ishonwe mahali pake isiguswe. Fungu la pili, 40,000, ni chakula na malazi. Fungu la tatu, 20,000, ni la siku ambayo mambo yataharibika. Hilo la tatu watu huliona kuwa la bure, wakalila siku ya kwanza kwa soda na samaki. Nitawaeleza baadaye kwa nini nalipenda kuliko yote.

Chakula kipunguzeni kwa kubeba. Mama zetu wanajua kukausha viazi, na michembe haichachi njiani. Chukueni michembe na karanga, na maji yaliyochemshwa katika chupa. Mkifika kuleni kwa mama lishe, kile wanachokula wenyeji: ugali wa muhogo, samaki, na machungwa, maana Ukerewe ina machungwa mengi. Safirini baada ya mavuno, wakati njia ni kavu na kazi za shamba zimepungua, ili msiiache nyumba katika shida.

Malazi nayo yapo ya namna nyingi. Ziko gesti ndogo Nansio; ulizeni bei kabla ya kuweka begi chini, tena kitazameni chandarua kama kina matundu. Mwenye ndugu huko ataamkia kwa ndugu. Na Mkristo anayekwenda mahali asipojulikana apite kwanza ofisi ya parokia yake, aandikiwe barua ya utambulisho. Sisi makarani twaziandika kila juma, wala si kazi kubwa. Chukueni na kitambulisho cha Taifa. Barua hiyo si ruhusa ya kukaa bure kwa watu. Ni ya kumwondolea mwenyeji hofu tu.

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi mponyeni mwenyeji! Kisiwani watu ni wengi na ardhi ni haba. Ukienda na kilo chache za choroko au dengu za kwetu Simiyu, umemheshimu mama wa nyumba. Asubuhi chota maji, fagia uwanja. Ya tatu isikukute umelala huku wenzako wako shambani, maana siku hiyo mgeni hupewa jembe. Kusafiri kwa fedha kidogo si kusafiri kwa fedha za wengine.

Yako maji ya ziwa pia. Yanapendeza, nanyi mtatamani kuoga. Lakini kichocho kipo katika maji ya kandokando ya ziwa, hasa yaliyotulia penye majani, nacho huingia kwa ngozi bila mtu kusikia kitu. Msioge wala kuchezea pwani, na watoto wakatazwe. Mtu akiisha kuingia majini, aende zahanati akapimwe, hata kama hana maumivu.

Sasa nafika penye neno ambalo kwa ajili yake nimeandika yote haya. Mwaweza kupunguza chakula, kitanda na starehe. Lakini yako mahali pamoja ambapo kupunguza ni dhambi juu ya nafsi yako, napo ni juu ya maji.

Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, kaskazini mwa Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kuchukua abiria 101. Siku hiyo kilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na mizigo, kwa kuwa ilikuwa siku ya gulio. Kilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, watu wa nchi kavu wakitazama kwa macho yao. Walikufa watu zaidi ya 220, akina mama, watoto na wafanya biashara wadogo. Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Mungu awape wote pumziko la milele.

Chombo cha maji kina kipimo chake. Mzigo ukizidi, chombo hushuka majini na mizani yake hupotea. Abiria wakihamia upande mmoja, labda kwa haraka ya kushuka, hakina tena nguvu ya kujiinua. Hapo kujua kuogelea hakusaidii sana, maana watu hushikana na mizigo huwafunika.

Sasa jiulizeni: kwa nini mtu mwenye akili timamu hupanda chombo anachokiona kimejaa? Mara nyingi si ujinga, bali ni mfuko. Fedha ya kulala imekwisha, kesho hana chakula, naye hujiambia, "Liwalo na liwe." Ndiyo maana nalipenda lile fungu la tatu. Fedha hiyo ndiyo hukupa uwezo wa kusema, "Hiki kimejaa, nitangoja kingine," hata ikiwa kingine ni cha kesho. Mtu asiye na fungu la tatu hana sauti gatini. Mwenye nalo hulala usiku mmoja kwa mama lishe, akapanda asubuhi, akafika kwa watoto wake.

Basi shikeni haya. Pandeni kivuko kinachotambuliwa na serikali, msipande mtumbwi wa mtu asiyejulikana kwa sababu tu nauli yake ni ndogo. Ombeni jaketi la kuokolea, mlivae tangu mwanzo, msilikalie kama mto. Andikeni majina yenu katika orodha ya abiria. Upepo ukivuma sana, ngojeni. Na kivuko kikifunga gati, msikimbilie mlango wote pamoja.

Je, hatari hiyo yote ya nini? Kuna nini huko? Nitawatajia mambo mawili tu.

La kwanza ni habari ya mzee Aniceti Kitereza, Mkatoliki wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufanya kazi nyingi katika misheni ya Kagunguli. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, waliopendana sana nao wamekosa mtoto. Ndani yake aliweka desturi za watu wake zisipotee: kilimo, uvuvi, dawa, adabu ya wakwe. Kwa miaka mingi hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980 katika vitabu viwili. Mwaka uliofuata akafariki. Nendeni mkasali Misa ya Jumapili Kagunguli, mkumbuke kwamba mtu wa kijijini, kwa kalamu na subira, aliweza kuandika kitabu ambacho kimesomwa hata Ulaya.

La pili ni Ukara yenyewe, na hili nawaambia hasa akina baba. Ni kisiwa kidogo, watu wamebanana, na udongo wake si wa ajabu. Lakini kwa miaka mingi wataalamu wa kilimo wametoka mbali kuja kuwatazama Wakara. Wazee wao hawakuacha ng'ombe wazurure. Waliwafunga nyumbani, wakawakatia majani, na kandokando ya ziwa wakawalimia majani ya kulisha. Samadi yote ilibebwa kichwani hadi shambani. Walijenga matuta ya mawe udongo usichukuliwe na mvua. Tena katika uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, wakaufukia ardhini uwe mbolea. Hata miti ilikuwa na wenyewe, ikatunzwa. Hivyo kishamba kidogo kililimwa mwaka baada ya mwaka.

Sasa tazameni kwetu. Ng'ombe tunao kuliko wao, na samadi hulala zizini mpaka yawa kilima, huku pamba shambani yadumaa na baba asema, "Udongo umechoka." Sisemi tuige yote, mvua yao si yetu, na ng'ombe wengi hawafungiki nyumbani. Lakini kubeba samadi toka zizini hadi shambani hakuhitaji mvua wala mkopo, kwahitaji mkokoteni na mtu aliyeona kwa macho kwamba yawezekana. Baba akienda siku nne na kurudi na shauri hilo moja, nauli imerudi.

Kwa hiyo, vijana, na ninyi wazazi, pangeni. Jumuiya moja yaweza kuweka akiba kidogo kidogo tangu sasa, na kumtuma baba mmoja, mama mmoja na kijana mmoja wakatazame, kisha watusimulie wote. Mabegi yao yawe mepesi wakienda, nayo mafungu matatu yawe yamefungwa vizuri.

Mungu awabariki katika kazi za juma hili. Kwaherini.

Wenu,
Karani wa Parokia