SISTA MKUU NI MWENZETU



Iko desturi moja katika kazi yetu ya uuguzi ambayo si njema. Mwenzetu akifa kwa ugonjwa alioupata wodini, wakubwa huja mazikoni wakamwita shujaa, picha yake ikatundikwa ukutani, na kesho yake wauguzi waliobaki huingia wodi ile ile na glavu zile zile chache. Mimi nasema heshima ya namna hii haitoshi. Ili nieleze kwa nini, nataka tumkumbuke sista mkuu mmoja ambaye wengi wetu hatukumwona kwa macho, lakini mwuguzi ye yote akisikia habari zake atamtambua kuwa ni mwenzake.

Jina lake ni Mbalu Fonnie. Alikuwa mwuguzi na mkunga, naye alisimamia wauguzi wa wodi ya homa ya Lassa katika hospitali ya Serikali mjini Kenema, mashariki ya Sierra Leone. Lassa ni homa kali inayotoka kwa panya, na mwuguzi aweza kuipata kwa damu ya mgonjwa. Mwaka 2004 daktari wa wodi hiyo, Aniru Conteh, alikufa kwa Lassa baada ya kuchomwa na sindano kazini. Mama Mbalu aliwauguza watu wa homa hiyo kwa zaidi ya miaka 25. Vijana wake hawakumwita kwa cheo, bali walimwita kama mtu amwitavyo shangazi yake.

Mwezi wa Mei 2014 Ebola ilithibitishwa Sierra Leone. Wagonjwa walipelekwa Kenema, kwa sababu wodi hiyo ndiyo iliyozoea homa za namna hii, nao wakajaa kupita kiasi. Kisha mwuguzi mmoja aliyekuwa mja mzito akaambukizwa. Kila mkunga ajua maana ya kumzalisha mgonjwa kama huyo: damu ni nyingi, na hatari iko katika damu. Sista mkuu angaliweza kutoa amri akakaa mezani pake. Lakini aliingia yeye mwenyewe, pamoja na wauguzi wawili, wakamhudumia mwenzao. Yule mgonjwa alikufa, na wale watatu wakaugua Ebola, nao wakafa. Mama Mbalu alifariki Julai 2014. Tarehe 29 ya mwezi huo huo akafariki Daktari Humarr Khan, mkuu wa wodi.

Mwezi wa Agosti wataalamu walitoa katika jarida la Science habari za virusi vya Ebola vilivyopatikana katika damu ya wagonjwa 78 wa Sierra Leone, wakaonyesha jinsi ugonjwa ulivyokuwa ukienda kutoka mtu hata mtu. Kati ya majina ya walioandika limo la Mbalu Fonnie, na la mwuguzi mwenziwe Alex Moigboi. Waandishi watano walikuwa wamekwisha kufa kwa Ebola kabla makala hayajatoka. Basi tusikubali kuambiwa kwamba kazi ya elimu ni ya madaktari tu, na yetu ni kutandika vitanda.

Mwezi ule wa Julai wauguzi wengi wa Kenema waliacha kazi baada ya wenzao kufa. Mtu aweza kusema waliwatupa wagonjwa. Lakini na aulize kwanza ni nani aliyetupwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wafanyi kazi wa afya 815 walioambukizwa Ebola katika Guinea, Liberia na Sierra Leone tangu Januari 2014 hata Machi 2015. Zaidi ya nusu walikuwa wauguzi na wasaidizi wao. Hatari ya mfanyi kazi wa afya kuambukizwa ilikuwa mara 21 hata 32 kuliko ya watu wengine, kwa kadiri ya kazi yake.

Wako wasemao uuguzi ni wito, kwa hiyo mwuguzi asihesabu vifaa. Ni kweli ni wito, lakini wito haukingi damu. Ushujaa wa mwuguzi ni mali yake mwenyewe, wala mwajiri hana haki ya kuutumia mahali pa glavu. Hapa kwetu wauguzi waligoma Desemba 2020, wakati wa Korona, wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Hawakuwa wamesahau wito wao.

Wako pia wenzetu wasemao sista mkuu ni mtu wa ofisi, tusimhesabu. Hili nalo ni kosa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyi kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake wa karibu, na mpaka hatari iondolewe, mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale. Wodini msimamizi huyo ni nani ila sista? Akiwa mwenzetu, habari itapanda juu. Akiwa mtu wa kuwapendeza wakubwa, habari itafia mezani pake.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. La kwanza, kila penye watu 20 au zaidi wa kazi, tudai kamati ya usalama kama sheria isemavyo, na sista awemo. La pili, glavu na barakoa zikipungua, tuandike tarehe na hesabu katika kitabu cha zamu, kwa maana neno la mdomo hukanwa. La tatu, mwenzetu akifa kwa sababu ya kazi, mjumbe wa chama asiishie kuchangisha rambirambi. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yatoa mshahara wa miezi 96 kwa waliomtegemea marehemu, na madai hupelekwa kabla ya miezi 12 kupita. Wajane na yatima wangapi wamekosa haki hii kwa kuwa hapana aliyewaambia?

Mama Mbalu hakumwacha mwuguzi wake peke yake chumbani. Nasi tusimwache sista wetu aingie mikono mitupu, halafu tukamsifu kaburini.

Umoja ni nguvu.

Mwuguzi wa Zamu ya Usiku